Mfungwa wa Dini Mbili

Mjomba wangu alikuwa na dini mbili na hakuitumia hata moja. Ya kwanza aliipata misheni ya Ushirombo, alipokuwa njiani kwenda kutafuta kazi ya mgodini Geita. Masika yalimkuta huko, akakaa akifyatua matofali, na matofali yalipokwisha mapadre wakambatiza yeye na kundi zima la wafyatuaji. Ya pili aliipata Geita kwenyewe, baada ya kumpenda mwanamke aliyeuza vitumbua karibu na lango la mgodi. Mwanamke alisema haolewi na kafiri. Mjomba akasilimu Alhamisi. Jumamosi mwanamke akaolewa na fundi wa mashine.

"Nikabaki na dini," mjomba alikuwa akisema, "kama mtu aliyenunua kamba, ng'ombe akamtoroka."

Alirudi Shinyanga na majina mawili ya dini, kikohozi cha vumbi la mgodi, na Kiswahili kilichookotwa kwa watu wa makabila yote waliochimba dhahabu chini ya ardhi pamoja naye. Akaendelea kutambika kwa babu zake kama kawaida.

Kabla sijaendelea niseme jambo kuhusu mimi, maana msomaji ana haki ya kujua ameshikwa mkono na mtu wa namna gani. Sikwenda shule. Ng'ombe walinihitaji kuliko mwalimu. Herufi nilifundishwa na katekista wetu kwenye mafundisho ya ubatizo. Kusoma kwenyewe nilijifunza kwa karatasi ambazo Mhindi wa dukani alifungia chumvi. Zilikuwa vipande vya magazeti, kwa hiyo nilisoma mwanzo wa habari nyingi na mwisho wa nyingine, na hakuna hata moja niliyoijua nzima. Nadhani ndiko ulikotoka woga wangu. Siku zote nahisi kuna kipande ambacho wenzangu wamekisoma na mimi bado. Ndiyo maana kila kitu hukirudia. Sentensi ya kwanza ya habari hii nimeiandika na kuifuta mpaka karatasi imetoboka.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa. Nota pia nilijifundisha mwenyewe, na sina hakika kama nilijifundisha sawasawa. Tuliimba Kilatini ambacho hakuna aliyekielewa, nami niliwakemea waimbaji kwa matamshi niliyoyabuni. Sauti ya nne ilikuwa na wanaume wanaobeba marobota ya pamba stesheni. Waliimba kama wanashusha mzigo. Nilikuwa silali kwa ajili ya sauti ya nne.

Mjomba alifungwa mwaka ule serikali ilipoamuru kila mwenye ng'ombe apunguze kundi lake. Watu walinung'unika, wengine wakaficha ng'ombe maporini. Mjomba hakuficha. Alikwenda mnadani na ng'ombe mmoja, mzee, kipofu, mwenye mkia uliokatika, akamwambia karani, "Niliwaita wote nikawasomea amri. Huyu ndiye aliyejitolea."

Watu walicheka mpaka mnada ukasimama. Baraza lililomhukumu halikucheka. Akapelekwa jela iliyokuwa upande wa pili wa reli.

Hilo hatukuliona balaa kubwa. Jela ya siku zile kila ukoo ulikuwa na mtu wake. Wafungwa walipita mjini wakikata majani na kuchota maji, na ukisimama kando ya njia ungeweza kumtupia ndugu yako salamu, askari akijifanya anafunga viatu. Mama alipeleka salamu namna hiyo. Yeye ni dada mkubwa wa mjomba. Ndiye aliyembeba mgongoni, na mpaka sasa humwambia apenge kamasi.

Kisha mjomba akaacha kuonekana barabarani.

Habari zake tulizipata kwa mnyapara, yaani mfungwa wa zamani aliyewekwa kuwasimamia wenzake. Alikuja na kundi lake kukata majani ya uwanja wa kanisa wakati mimi nikifanya mazoezi na sauti ya nne. Akachuchumaa chini ya dirisha, panga mkononi.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "hao wako wanaumwa?"

"Wanaimba."

"Haya. Nakuletea habari za mjomba wako. Yuko chumba cha peke yake."

"Amefanya nini?"

"Utani."

Akanisimulia huku akikata jani mojamoja ili aonekane yuko kazini. Kulikuwa na sajini mpya aliyehamishwa kutoka pwani. Mjomba alipojua kuwa sajini ni Mzaramo, moyo wake ulifurahi kuliko wa mtu aliyepata nduguye, kwa sababu Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za babu zetu waliobeba mizigo kwenda pwani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana hata siku ya msiba wako, hasa siku ya msiba wako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Wale wa mgodini walikuwa wakitaniana hivyo kutwa nzima, ndivyo walivyolivumilia shimo. Basi asubuhi moja wafungwa wamepangwa mstari, Bwana Jela, Mzungu, anawakagua, sajini yuko nyuma yake amenyooka kama mlingoti. Alipofika mbele ya mjomba, mjomba akasema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Mtani! Nani amekufundisha kusimama? Kwenu si mnazaliwa mmelala na mnakufa mmelala?"

Wafungwa wakaangua kicheko. Bwana Jela akageuka akamwuliza sajini, mtu huyu amesema nini.

"Sajini alifanya nini?" nikauliza.

"Angesema nini mbele ya Mzungu? Alisema, ametukana, bwana."

Kile chumba, mnyapara alisema, kina mlango na tundu. Uji unapitia chini ya mlango. Hakuna kazi, hakuna jua, na ni marufuku mtu kusema naye. Lakini mnyapara alipita pale kila asubuhi na ndoo, na kila asubuhi alikohoa kisha akasema polepole, "Mwangaluka," salamu yetu ya asubuhi. Mwanzoni mjomba aliitika, tena kwa matusi mazuri. Baadaye akawa anaitika tu. Baadaye akawa anagonga mlango mara moja.

"Na sasa?"

Mnyapara akayatazama majani. "Sasa haitikii, mwalimu."

Nieleze hapa kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Kwa Msukuma huwezi kusema "hujambo" ukapita. Salamu yetu ni safari. Utaulizwa umeamkaje, nyumbani wameamkaje, watoto, mvua, mtama, ng'ombe mmojammoja kama una wachache, na kwa kila swali utajibu mhola, yaani amani, hata kama nyumba yako inaungua, ukimaliza ndipo utasema, "Ila nyumba yangu inaungua." Mtu asiyesalimia ni mwenye hasira au mchawi. Mtu asiyeitika hana jina kwetu, kwa sababu hatujawahi kumwona akiwa hai.

Nilipomwambia mama, alikuwa anatwanga. Mchi ukabaki juu.

"Haitikii?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi wamemuua, wamesahau kuzika tu." Akauweka mchi chini. "Nenda kamwambie katekista wako. Mimi nakwenda kwa maalim. Mdogo wangu aliingia huko kote. Leo tuone kama kuna mlango wa kutokea."

Lazima nikiri kwamba sikutegemea lolote kutoka kwa katekista. Alikuwa mtu mwembamba aliyeogopa mbwa, mvua na mapadre. Padre mwenyewe alikuwa akituzungukia mara chache, kwa hiyo Jumapili nyingi katekista ndiye aliyetuhubiria, na alihubiri kama mtu anayeomba radhi. Lakini Jumapili ile, nilipokwisha kumweleza habari za mjomba, alisimama, akauliza nani kati yetu aliyewahi kukaa kutwa bila kuambiwa neno.

Mwanamume mmoja wa nyuma, ambaye hakuwa akipewa komunyo kwa sababu ya wake zake wawili, akasema, "Mimi ningeomba nipewe hata nusu siku."

Katekista hakucheka. Akatupa kazi. Kila mmoja aende kwake, ajifungie ndani toka mwisho wa ibada mpaka ng'ombe warudi, asiseme na mtu wala asimwitikie mtu. Kisha tuje tumweleze yeye, katekista, mahali mfungwa yule anapokaa. Ijumaa iliyofuata maalim naye akawapa watu wa msikitini kazi ileile. Alisema hakuiga. Alisema wazo zuri halina kabila.

Mji mzima ukachafuka. Ukipita mtaani unabisha hodi, unasikia mtu anapumua ndani, haitiki. Majirani walidhani ni ugonjwa. Mwanamke mmoja alimpelekea mumewe mganga. Mganga akachoma dawa mlangoni mpaka mume akatoka akikohoa na kulaani dini zote. Fundi cherehani, mtu wa msikitini, alishinda ndani kwa ushujaa mpaka aliposikia jirani akimsifu fundi mwingine. Wale wa sauti ya nne walijifungia pamoja, wote katika chumba kimoja, na wakashangaa nilipowaambia haihesabiki.

Mimi nilijifungia kwenye ghala la pamba la baba. Nilidhani mtu kama mimi, ambaye watu humtia jasho, atapumzika. Kwanza nilirudia nyimbo zote kichwani. Nyimbo zikaisha. Kisha nikaanza kusahihisha namna nilivyozirudia. Kisha nikakumbuka jambo nililomjibu mtu harusini zamani, nikalijibu upya vizuri zaidi, na tena upya, na yule mtu hakuwapo kunyamazisha swali lake. Mwisho nikawa najisahihisha kupumua. Nilihisi pumzi zangu hazina kipimo sawa, nikajaribu kuzisawazisha, zikaharibika zaidi. Nilitoka nikikimbia kabla jua halijaanza kuteremka. Kiumbe wa kwanza niliyekutana naye alikuwa mbuzi, nikamsalimia. Sioni haya kulisema. Ninalolionea haya ni kwamba nilimngoja aitike.

Jioni ile sikuwa na hamu ya kuchekesha mtu. Nilikuwa nimekaa kule ghalani sehemu ya siku, na mlango ulikuwa na komeo upande wangu.

Sasa wote walitaka mjomba atolewe, na ndipo vita vilipoanza. Katekista na maalim walikutana nje ya duka la Mhindi, mama akiwa katikati na kapu lake.

"Tumekubaliana kwenda kumwimbia mtu wetu," katekista alisema. "Jumapili alasiri, nje ya ukuta. Asikie sauti za watu. Bwana Jela amekubali, anasema nyimbo za dini zinatuliza wafungwa."

"Mtu wenu?" maalim akauliza. Alikuwa mtu wa Tabora, mnene, mpole, na sauti yake haikupanda hata alipokasirika. "Mtu yule alitoa shahada Geita, mashahidi wapo."

"Alibatizwa Ushirombo kabla ya hapo. Ubatizo haufutiki."

"Kama haufutiki, mbona aliufuta?"

"Kwa ajili ya vitumbua!"

"Na nyie mlimpata kwa matofali!"

Mama akaweka kapu chini. "Mnamgombania kama fisi wawili na mguu mmoja," alisema. "Kichwa chukueni nyie, miguu chukueni nyie. Mimi nipeni mdomo tu, nataka unisalimie."

Wakaona haya, wakapatana. Kwaya itaimba, kisha vijana wa madrasa watapiga dufu na kasida, kwa zamu, kwa amani. (Wawili hao mpaka leo huenda pamoja langoni kila mwezi kuuliza kama kuna aliye peke yake, na kila mwezi hugombana njia nzima. Nadhani wasipogombana hawatafika.)

Mtu yeyote mwenye akili angejua kitakachotokea. Sisi ni Wasukuma. Kwetu ngoma haichezwi na kundi moja. Baada ya mavuno makundi mawili husimama uwanja mmoja, kila moja na manju wake anayeliongoza, yanaanza kwa pamoja, na watu hukimbia toka huku kwenda kule. Kundi litakalozungukwa na watu wengi ndilo limeshinda, basi, hakuna mwamuzi. Misheni ilikuwa imewakataza Wakristo ngoma hizo, na maalim alikuwa amewakataza watu wake. Kwa hiyo katika mji ule kulikuwa na watu wa kila rika, wa dini zote mbili, waliokuwa na kiu ya mashindano, na viongozi wao wa dini walikuwa wamewapanga kwenye uwanja mmoja, Jumapili, mbele ya watazamaji.

Tulianza vizuri. Kwaya ilisimama upande wa mashariki wa lango la jela, wenye dufu upande wa magharibi. Tuliimba wimbo wetu wa Kilatini. Watu wa sokoni wakaja kutazama. Zamu ya dufu ilipofika, wale watu wakahamia magharibi, wote, kama maji kwenye sinia iliyoinamishwa. Nikasikia kitu kinanipanda kifuani ambacho hakikuwa upendo wa jirani.

"Mwalimu," mmoja wa sauti ya nne akaninong'oneza, "tuwasubiri wamalize kweli?"

Nilipaswa kusema ndiyo. Nikainua mikono.

Tukaimba juu ya dufu. Dufu likaongezeka. Watu wakaanza kukimbia toka huku kwenda kule, wanawake wakipiga vigelegele, na mzee mmoja akapanda juu ya pipa akitangaza upande upi umejaa. Sauti ya nne ilifunguka kama sijawahi kuisikia. Wakaacha Kilatini, wakaingiza kibwagizo cha kupalilia mtama, na wengine wakaanza kutikisa mabega. Katekista alikuwa akipiga makofi, macho ameyafumba ili asijione. Maalim, yule mpole, alikuwa ameshika dufu mwenyewe. Baadaye niligundua kwamba mmoja wa wabeba marobota wangu alikuwa na dawa ya kuvuta watu mfukoni, imefungwa kwenye kitambaa cha altare. Na aibu yangu kubwa ni hii: kwa muda ule wote nilikuwa nikisikiliza kama sauti ya pili imeshuka. Wakati mmoja tu nilikumbuka kwamba kulikuwa na ukuta, na nyuma yake mtu.

Mama hakusahau. Alikuwa amekwenda moja kwa moja langoni, alikosimama sajini na tarbushi yake nyekundu.

"Wewe Mzaramo!"

"Mama, rudi nyuma," sajini alisema.

"Nirudi nyuma, kwani wewe una teke? Hata ng'ombe kwenu hamumjui. Mkiona pembe mnadhani ni tawi, mnatundika kanzu."

Waliokuwa karibu wakacheka. Sajini akatazama juu.

"Mama, niko kazini."

"Utani hauna kazi. Baba yako alipokufa, watani walisema wako kazini? Nani alilala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku? Si mtu wa kwetu?"

Mdomo wa sajini ukacheza. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, na mbali na kwao. Labda tangu ahamishwe hakuna aliyemkumbusha kwamba aliwahi kuwa na baba. Akakaza uso. Mama akamsogelea, akamkagua toka viatu mpaka kichwani kama linavyokaguliwa dume la mnadani.

"Huyu naye kakonda," akawaambia watu. "Upepo wa bara unataka wenye nyama. Mrudisheni pwani kabla hajapeperuka."

"Bora niliyekonda," sajini akasema, maneno yakimtoka kabla hajayashika, "kuliko nyie mlionenepa kwa michembe ya viazi vikavu, mnatoa upepo mpaka treni inapunguza mwendo."

Akafunika mdomo kwa mkono. Lakini alikuwa ameitika. Kelele za furaha zilizopanda hapo zilishinda kwaya na dufu. Na mama, kwa haki ya mtani, akanyanyua mkono, akamvua tarbushi, akaivaa juu ya kitambaa chake.

"Nimeteka," akasema. "Nikomboe."

"Mama, tafadhali. Nitakupa kuku."

"Sitaki kuku."

"Unataka nini?"

"Ulichoficha humo ndani. Kitoe kiitike."

Nilipogeuka, upande wa mashariki hapakuwa na mtu. Magharibi pia. Umati wote ulikuwa langoni, katekista na maalim wakisukumana wapate kuona. Kwaya yangu ilikuwa ikiimbia mbuzi. Kama kulikuwa na mashindano siku ile, mama alishinda, tena bila mazoezi.

Ndipo lango likafunguka, akatoka Bwana Jela. Watu wakampisha. Alimtazama sajini, kichwa wazi. Akamtazama mama, tarbushi imeinama sikio moja. Kiswahili chake kilikuwa cha kutoa amri, kifupi.

"Huyu mwanamke anasema nini?"

Lilikuwa swali lilelile lililomtia mjomba ndani. Nilisimama pale nikijua kwamba neno moja likitoka kama lilivyotoka mara ya kwanza, mama naye atalala huko, na mjomba hatatoka tena katika hali ya mtu. Mikono yangu ilikuwa bado hewani. Sikuweza kuishusha.

Sajini akabana visigino. "Ni mtani wangu, bwana."

"Mtani ni nini?"

"Ni mtu mwenye ruhusa ya kunitukana, bwana."

"Nani amempa ruhusa?"

"Babu zetu, bwana."

Bwana Jela akafikiri. "Na yule wa ndani? Aliyekutukana mbele yangu?"

"Yule pia, bwana."

"Mbona hukusema?"

"Niliona haya, bwana."

Sijui kama Mzungu yule alielewa. Nadhani aliona umati tu, na jua, na Jumapili yake inaharibika. Akasema, "Mlete. Amwone. Kisha alale na wengine, na hawa waondoke wote." Alimwambia sajini maneno mengine kwa Kiingereza, na uso wa sajini ukaonyesha kwamba yale hayakuwa mema na kwamba angeyalipia baadaye. Lakini aliingia ndani upesi, hata tarbushi hakuidai.

Mjomba alitoka ameshikwa mkono. Sikumtambua kwa miguu, kwa sababu mjomba alikuwa akitembea kama anayedaiwa kuchekesha, na huyu alikanyaga polepole akiupapasa mchanga. Mwanga ulimuumiza, aliinua kiganja mbele ya macho akakiacha hapo.

"Mwadila," mama akasema. Hiyo ni salamu ya mchana.

Hakuitika.

Katekista akasogea, akamwita kwa jina lake la Ushirombo, akamtakia amani. Kimya. Maalim akamwita kwa jina lake la Geita, akamtolea salamu kamili, ndefu, na baraka zake. Kimya. Mama akarudia, sauti ikapungua, "Mwadila, mdogo wangu." Midomo ya mjomba ilisogea kidogo kama ya mtu anayetafuta mfupa wa samaki mdomoni. Hakuna kilichotoka. Hapo umati wote ulinyamaza sawasawa, na mimi ambaye husikia kasoro katika kila kitu sikusikia kasoro yoyote katika kimya kile, nikaogopa.

Sajini akaja akasimama mbele yake, karibu sana. Akamtazama chini juu.

"Msukuma," akasema. "Kumbe ulikuwa humu? Nilidhani ni gunia la michembe, nikasema ngoja lioze nilimwage."

Mjomba akashusha kiganja. Macho yalimtoka machozi kwa sababu ya jua, au tuseme kwa sababu ya jua. Akaitafuta sauti, akaipata mbali, ikatoka na kutu.

"Mzaramo."

"Naam, mtani."

"Sogea. Unanizibia dada yangu."

Sajini akasogea. Alisogea kando kwa heshima ambayo sijaona askari akimpa hata gavana. Mama hakulia, alisema angelia angepoteza mpangilio. Alianza salamu upya, tangu mwanzo. Umeshindaje? Mjomba akavuta pumzi, akasema, mhola. Mwili je? Mhola. Alijibu kila moja baada ya kulifikiria, kama mtu anayepita mtoni kwa mawe. Kisha ikawa zamu yake kuuliza, akauliza nyumbani, akauliza watoto, na sauti ikawa inafunguka.

"Na wale waliokuwa wakilia," akasema, "ni msiba wa nani?"

"Si msiba," mama akasema. "Ni kwaya. Walikuja kukuimbia. Huyu mwanangu ndiye mwalimu wao."

Mjomba akageuza kichwa, akanitafuta katika mwanga, akaniona na mikono yangu hewani.

"Pole, mjomba," akaniambia.

Alisema kwa moyo wote. Watu walicheka, sauti ya nne ikacheka kuliko wote, nami nikashusha mikono. Mama alikuwa ameshaendelea na mvua na mtama. Bwana Jela alitazama saa yake, akaitikisa, akamwita sajini.

"Wamemaliza?"

"Bado, bwana," sajini akasema. "Ndiyo kwanza wamefika kwenye ng'ombe."